Mkono Unapoishia

Eda ilipokwisha, shangazi yangu Mukandekezi alioga, akavaa gauni lake la maua, akataka kujifunga kitambaa kichwani. Mkono wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulifika tumboni ukagoma. Alijaribu tena, akauma mdomo, kisha akanipa mimi kile kitambaa nimfunge.

"Nimelalia vibaya," alisema.

Hakulalia vibaya. Miezi yote ile alikaa kwenye mkeka pembeni mwa chumba, bega la kulia limegusa ukuta, mkono umebanwa tumboni ndani ya shuka nyeupe. Wifi yake mkubwa ndiye aliyemweka hivyo. Alimwambia mjane hanyooshi mikono, maana mjane anayenyoosha mikono anamwita mume mwingine. Sijui kama jambo hilo limeandikwa mahali, mimi nimemaliza shule ya msingi tu. Lakini mtaani kwetu Gitega neno la wifi mkubwa halipelekwi kwa shehe kuulizwa. Linafuatwa. Shangazi alilifuata mpaka bega likafunga.

Shangazi ni fundi cherehani. Yeye na mumewe, marehemu Mutabazi, walikuwa wakishona kwenye baraza ya duka la Twahiru, vyerehani viwili, kimoja huku na kingine kule, mlango wa duka katikati. Mtu ananunua kitambaa ndani, anatoka nacho, anapimwa hapo hapo. Tangu siku ya mazishi vyerehani vile vilikuwa vimefunikwa magunia. Kazi yangu mimi ilikuwa matundu ya vifungo na mapindo ya chini, kwa sindano ya mkono. Cherehani nilikuwa bado kufundishwa.

Twahiru alikuja kututembelea mwenyewe. Alivua viatu, akaketi, akanywa chai yote kabla ya kusema.

"Mama Fundi, mi sikufukuzi. Babangu alifika mji huu kutoka Ujiji na mzigo kichwani, na baraza ile imejulikana kwa ajili ya watu kama mume wako. Lakini duka la vitambaa bila fundi, mtu anapapasa kitambaa, anakisifu, anakwenda zake. Ramadhani inakuja. Watu watataka kanzu za Idi."

"Najua."

"Nitakungoja mpaka mwezi uandame. Ukiandama na baraza iko tupu, namweka Kalisa."

Kalisa alikuwa kijana wa mtaa wa Gatsata aliyekuwa akishona sare za shule kwa cherehani cha kukodi.

"Kalisa anashona kanzu zenye mikono ya nyani," alisema Shangazi.

"Lakini anashona," alisema Twahiru, akavaa viatu vyake.

Tulihangaika na bega lile. Zahanati walimpa vidonge vyeupe. Huko Gatsata mzee mmoja anayejua mifupa alimpaka samli, akauvuta mkono kwa ghafla, na Shangazi akazimia. Alipozinduka mkono ulikuwa hauendi hata tumboni.

Aliyetupeleka kwa Mukarugwiza ni jirani yetu Nyirarukundo, muuza sambusa, mwanamke mnene ambaye miguu yake ilikuwa ikivimba mpaka viatu havimwingii.

"Twendeni kwa yule mke wa karani," alisema. "Mi si mlikuwa mnaniona nakwenda chooni na fimbo? Angalieni sasa." Alinyanyua mguu mbele yetu kama askari.

"Anatoa dawa gani?" Shangazi aliuliza.

"Hakuna dawa. Anakusimamisha."

"Kusimama tu?"

"Unasimama, halafu unacheza. Lakini polepole, sha mwenzangu, mpaka unaweza kusinzia."

"Mi mjane, Nyirarukundo. Nitaonekana wapi nacheza?"

"Eda si imekwisha? Au umekaa ya Mutabazi, sasa unakaa ya mkono?"

Alhamisi baada ya sala ya alasiri Shangazi alijitanda, tukaenda.

Mukarugwiza alikuwa Mkatoliki, mrefu, mguu mmoja unaburuta kidogo. Mumewe alikuwa karani katika wizara moja kule Kacyiru, anatoka asubuhi na basi na kurudi giza likiingia, kwa hiyo ua wake ulikuwa wazi mchana kutwa, umezungukwa na miti ya minyaa. Zamani za usichana wake alikuwa katika kundi la wasichana wanaocheza ile ngoma yetu ya kina mama ya kushayaya, mikono juu kama pembe za ng'ombe wa mfalme. Lori lililokuwa limewachukua lilipinduka, nyonga yake ikavunjika. Alituambia kwamba alijifunza kucheza upya akiwa ameshika ukuta wa nyumba, kila siku kidogo kuliko alivyotaka. Basi wanawake wenye maumivu wakaanza kumjia. Hakuwaita.

Hapakuwa na ngoma wala wimbo. Wanawake walisimama pekupeku kwenye udongo ulionyeshewa, Waislamu na Wakristo, kanga kiunoni. Mimi niliketi kwenye kigoda nimeshika mitandio yao.

Kabla ya kuanza, kila mmoja alitaja panapomuuma siku hiyo. Mmoja kiuno. Mmoja kichwa. Mmoja alisema hapaumi popote ila hana usingizi tangu mtoto wake afariki. Na sheria ya Mukarugwiza ilikuwa moja: mwenzako akitaja, usimpe dawa. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko kucheza. Kwetu mtu akisema anaumwa, hajamaliza neno ameshaambiwa majani ya kuchemsha, dua ya kusoma na mganga wa kumwona. Niliwaona wanavyomeza maneno. Nyirarukundo alikuwa anajiziba mdomo kwa mkono.

"Miguu chini," alisema Mukarugwiza. "Kila mtu atafute kisigino chake. Kiko wapi?"

"Changu kimebaki kituo cha basi, kinauza sambusa," alisema Nyirarukundo.

"Kilete hapa," alisema Mukarugwiza, na yeye hakucheka.

Akaja mbele ya Shangazi, akautazama ule mkono bila kuugusa.

"Huu usiuinue."

"Nimekuja hapa ili uinuke."

"Utainuka. Wewe vuta pumzi tu, uache ufuate. Pale utakapokataa, simama naye hapo hapo. Usimsukume. Na usimwache peke yake."

Alikuwa anausema mkono kama mtu. Sijui kama ni Kiswahili chake kilichokuwa hivyo au alikusudia. Shangazi alivuta pumzi. Mkono ulipanda upana wa kiganja, ukakataa, akasimama nao pale huku jasho linamtoka puani. Wengine waliendelea kuyumba taratibu, uzito mguu huu, uzito mguu ule, kama watu wanaopita kwenye matope wakiwa na mtungi kichwani. Niliona mambo hayo yanakwenda polepole mno, na mwezi wa Shaabani hauendi polepole.

Lakini tuliendelea kwenda. Mukarugwiza alipokubali, tulikwenda hata siku ambazo si Alhamisi. Baadaye na mimi niliweka mitandio juu ya kamba nikasimama nyuma ya mstari, maana kukaa peke yangu kulinitia baridi. Hakuna aliyenikaribisha na hakuna aliyenifukuza. Yule mama wa mtoto aliyefariki alikuwa mbele yangu. Siku moja alilia huku anacheza, na mstari haukusimama, ulipunguza mwendo tu mpaka yeye akauwahi.

Mkono wa Shangazi ulifika kidevuni. Kisha ulifika sikioni, ukakaa hapo. Nyumbani alianza kujifunga kitambaa kwa kuinamisha kichwa kidogo. Alikamua nguo, akaanika, akabeba birika kubwa. Mimi ni mtu wa kuangalia, na niliyaangalia hayo. Niliangalia pia kwamba tukienda darasa la wanawake msikitini tulipita njia ya chini, ile ndefu yenye utelezi, ili tusipite mbele ya duka la Twahiru.

"Shangazi," nilimwambia siku moja, "mkono sasa si unafika kwenye gurudumu la cherehani?"

"Bado."

"Kumebaki nini?"

"Mwanangu, nimesema bado."

Nikaacha.

Sasa kulikuwa na resiponsabule, yaani mkuu wa seli yetu ya mtaa, Munyakazi. Hakuwa mtu mbaya. Kila seli ilitakiwa iwe na kikundi cha animasiyo, cha kuimba na kucheza kusifu maendeleo, na kila mwaka vikundi vilishindana kwenye uwanja mmoja kule Kacyiru. Kikundi cha Munyakazi kilikuwa na wazee wawili na mlevi mmoja, na kila mwaka kilikuwa cha mwisho. Munyakazi alipopita kando ya ua akasikia nyayo za watu zinatua pamoja, akapenyeza kichwa kwenye minyaa, alichokiona yeye kilikuwa ushindi.

"Nyie mnajificha na kitu mzuri namna hii?" alisema. "Seli iko ya mwisho kila mwaka, kumbe ngoma iko hapa nyuma ya miti."

"Hii si animasiyo, Resiponsabule," alisema Mukarugwiza. "Hawa ni wagonjwa."

"Wagonjwa iko nacheza hivi? Wazima watafanya nini?"

Nyirarukundo alicheka, akajuta.

"Mama," alisema Munyakazi, sasa kwa upole, "mkutano ya wanawake bila ruhusa iko shida. Mimi naweza kuulizwa. Kikundi ya animasiyo iko na ruhusa. Wewe chagua."

Mukarugwiza alitazama miguu yake kwa muda. Akachagua ruhusa. Mashindano yalikuwa Jumamosi iliyofuata, na mwezi ulitazamiwa siku chache baada ya hapo.

Habari ilifika dukani kabla sisi hatujafika nyumbani. Asubuhi Twahiru alimwita Shangazi, na safari hii ilibidi tupite njia ya juu, ya dukani. Shangazi alisimama chini barabarani, hakupanda barazani. Magunia yalikuwa pale pale. Alimtazama Twahiru tu.

"Mama Fundi, mi namwekea mgonjwa nafasi, nasikia mgonjwa yuko kwenye ngoma."

"Ni tiba, Twahiru."

"Nimeambiwa ni animasiyo."

"Ilikuwa tiba. Imekuwa animasiyo jana."

"Anayecheza Kacyiru hawezi kunambia hawezi kushona Gitega." Hakupandisha sauti. Alikuwa anakunja kitambaa huku anasema. "Jumamosi sisi wenye maduka tumeambiwa tufunge, twende tukapige makofi. Nitauangalia huo mkono mwenyewe. Ukiishia chini, nitajua unaumwa, nitakungoja hata Idi ipite. Ukipanda kama ya wengine, ulinichezea mimi kwanza, na Jumatatu Kalisa anaingia."

"Sawa," alisema Shangazi.

Alhamisi uani, ilipofika zamu yake ya kutaja panapouma, alisema hatakwenda Kacyiru. Akaeleza kwa nini. Kwa sheria yetu hakuna aliyempa dawa. Nilisikia mbuzi wa jirani akilia.

"Mkono wako leo unaishia wapi?" aliuliza Mukarugwiza.

Shangazi aliunyanyua. Uliishia sikioni.

"Ukiwa peke yako chini na wengine juu, watu wote watakutazama wewe, watasema mjane kilema kaletwa uwanjani. Sitaki. Basi wote tutaishia sikioni."

"Watatucheka," alisema Nyirarukundo. "Ng'ombe gani ana pembe zinazoishia masikioni?"

"Watucheke. Mstari wenye urefu mmoja ni mstari."

Tulifanya hivyo mpaka jua likatua, mikono yote sikioni, na Shangazi alikubali kwenda. Lilikuwa jambo zuri, na kila mtu alirudi nyumbani ameridhika. Hakuna aliyewaza, hata mimi ninayejidai kuangalia, kwamba Twahiru alikuwa amesema mkono ukipanda kama ya wengine, Kalisa anaingia.

Jumamosi asubuhi ilikuwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, tukafagia mitaro. Mchana tulipanda Kacyiru kwa miguu. Uwanja ulijaa. Vikundi vya kwanza vilikuwa na ngoma kubwa na vijana wanaoruka, na kikundi kimoja cha wasichana wa ofisini waliovaa sare walishayaya mikono juu kabisa mpaka watu wakasimama. Kisha tukaitwa sisi. Munyakazi alikuwa ametutafutia mpiga ngoma. Mukarugwiza alimwomba apige kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa, na yule mtu alijitahidi.

Tulicheza. Uzito mguu huu, uzito mguu ule. Mikono ilipanda, ikaishia sikioni. Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti, "Ng'ombe hawa wamekatwa pembe?" na kicheko kikaenda uwanja mzima, kikarudi. Nilimwona Nyirarukundo mabega yanamtikisika, sijui kwa kucheka au kwa hasira. Shangazi alikuwa mstari wa mbele. Macho yake yalikuwa mahali fulani chini, karibu na vidole vyake. Nilimwona na Twahiru, kofia yake nyeupe kati ya wenye maduka. Hakucheka. Alikuwa anatazama mkono mmoja, kisha unaofuata, kisha unaofuata, kama mtu anayepima kitambaa. Hapo ndipo nilipokumbuka, na ilikuwa nimechelewa.

Tulikuwa wa mwisho. Wazee wawili na mlevi hawakuwahi kupata maksi chache hivyo. Munyakazi alikuja akiwa amekunja uso.

"Mama, nyie msicheze tena mbele ya watu," alimwambia Mukarugwiza. "Chezeni huko huko ndani. Mi sijaona kitu."

"Asante, Resiponsabule," alisema Mukarugwiza, na alimaanisha.

Twahiru alitungoja kwenye mteremko wa kurudi. Aliacha wengine watangulie kidogo, lakini Nyirarukundo hakutangulia.

"Mama Fundi, nimeona. Mkono wako umepanda sawa na ya wenzako."

"Twahiru, wewe hujui," Nyirarukundo alidakia. "Sisi wote tulishusha ya kwetu kwa ajili yake. Uliza mtu yeyote. Mi wangu unafika mbinguni, angalia..."

"Acha, Nyirarukundo," alisema Shangazi.

"Niache nini? Unataka akae na mikono ya nyani barazani pake?"

"Acha, mama." Shangazi alimgeukia Twahiru. "Anachosema ni kweli. Walishusha. Mkono wangu unaishia hapa." Aliunyanyua mpaka sikioni, pale njiani, watu wanapita. "Lakini cherehani hakitaki mkono ufike hapa. Kinataka ufike kifuani. Kifuani ulirudi mwanzo wa mwezi."

Aliushusha mkono.

"Sikukudanganya ulipokuja nyumbani. Siku ile mkono ulikuwa umekufa. Baadaye ulipona, mi nikaendelea kusema bado. Siwezi kukaa upande wangu nikainua macho nikaona gunia upande wa Mutabazi. Ndicho kilichobaki. Sasa mweke Kalisa kama ulivyosema, sitakulaumu."

Alisema yote hayo kwa sauti ile ile anayotajia panapouma pale uani. Nikaona Twahiru anafungua mdomo, na nilikuwa na hakika anataka kumpa dawa: subira, dua, kauli za misibani. Hakuitoa. Nadhani hakuipata.

"Kalisa nimeshamwambia aje," alisema mwishoni.

"Aje."

"Sina njia ya kumwambia asije, Mama Fundi. Ana mke."

"Nimekwambia aje. Mi nitakuja pia. Baraza ina pande mbili."

Jumatatu tulipita njia ya juu. Kalisa alikuwa amesimama barabarani na cherehani chake cha kukodi kichwani, hajui akiweke wapi. Shangazi alimsalimia, akapanda barazani, akaenda moja kwa moja upande wa Mutabazi. Alisimama pale muda. Niliona anatafuta kisigino chake, kama kule uani. Kisha alivuta lile gunia kwa mkono wa kulia, vumbi likamwagika, akalikunja.

"Hicho cha watu karudishe," alimwambia Kalisa. "Kaa hapa."

"Mama, hiki si cha marehemu?"

"Ndiyo. Kimekaa bila mafuta, kitalia kidogo."

Kalisa alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekalishwa msibani. Twahiru alikuwa mlangoni, katikati yao, na kitambaa cheupe cha kanzu begani. Alikiweka kitambaa juu ya meza ya Shangazi, akaingia ndani.

Shangazi alikata, akaunga, akaanza kushona. Alishona bila haraka mpaka adhuhuri, na alipoinua macho aliona kijana anahangaika kutunga uzi kwenye sindano.

"Nenda kamtungie," aliniambia. "Halafu urudi. Leo unaanza kukanyaga cherehani."